Makumbi ya Pemba Yageuzwe Dari

Kisiwani Pemba nyumba za makuti zimekuwa zikipungua na za bati zikiongezeka. Bati lina faida zake, kwani halihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Lakini jua la adhuhuri laweza kulipandisha joto hata likapita digrii 60 za Selsiasi, na joto hilo humiminikia wakaao chini yake. Makuti yalilizuia kwa kuwa yalihifadhi hewa baina ya matabaka yake, nayo hewa iliyotulia ni kizuizi bora cha joto.

Dawa ya kasoro hiyo imo kisiwani humo humo. Usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, ukishindiliwa kwa wepesi hukamata hewa vivyo hivyo. Huzuia joto zaidi ya mara 20 kuliko zege ya unene ule ule. Vipande vya pamba vinavyotupwa na mafundi cherehani hufanya kazi hiyo pia. Vyote viwili vikichanganywa kwa gundi ya muhogo, vikagandamizwa na kukaushwa, hutoa bodi nyepesi za dari.

Bodi hizo zina maadui watatu: moto, wadudu na unyevu. Boraksi husaidia dhidi ya wawili wa kwanza. Unyevu ni mgumu zaidi. Makumbi hufukiwa miezi kadhaa katika matope ya pwani ili bakteria walegeze nyuzi. Chumvi inayobaki huvuta maji kutoka hewani, na huharakisha kutu ya bati. Kwa hiyo hapana budi usumba uoshwe vizuri kwa maji ya kisima.

Wanaofukua na kupiga makumbi hayo ni wanawake. Haitakuwa haki jasho lao linunuliwe kwa bei ya taka. Yafaa bodi zitengenezwe na vikundi vyao wenyewe, kwa nyuzi fupi zisizofaa kusokotwa kamba, ili pato jipya lisiue la zamani.

Pemba si mgeni wa jambo hili: kiwanda cha Wawi hutoa mafuta katika makonyo ya karafuu. Kinachotakiwa sasa ni jaribio la wazi. Vichaguliwe vyumba viwili vya shule vilivyo sawa, kimoja kiwekwe dari hiyo, na vyote vipimwe joto na unyevu mwaka mzima, masika yakiwemo. Kipimajoto ndicho kiamue.