Walidhani Yumo Msafarani



Wapendwa waamini, Mwinjili Luka, katika sura ya pili, anatusimulia jinsi Yosefu na Maria walivyotembea mwendo wa siku nzima kutoka Yerusalemu kabla ya kutambua kwamba mtoto hayupo pamoja nao. Hawakuwa wazazi wazembe. Walikuwa wametoka kuhiji, nao walidhani mtoto yumo msafarani pamoja na jamaa na marafiki. Iliwachukua siku tatu kumpata, naye alikuwa hekaluni, ameketi katikati ya waalimu. Alikuwa na umri wa miaka 12, umri wa mtoto wetu anayejiandaa kumaliza shule ya msingi.

Nimeirudia Injili hiyo juma hili kwa sababu ya muda niliokaa katika shule moja ya msingi ya serikali, si mbali na soko la Kariakoo, ambako mimi na katekista huenda kufundisha kipindi cha dini. Wengi mnakijua kipindi hicho. Darasa hugawanyika, Waislamu wakabaki na ustadhi wao, nasi tukahamia chini ya mwembe au katika chumba kilicho wazi. Kipindi kikiisha watoto wanarudi kwenye dawati moja na kugawana kifutio kimoja. Safari hii nilibaki baada ya kipindi, nikaomba ruhusa ya kuketi nyuma ya darasa.

Mwalimu wa Darasa la Tatu alikuwa na somo la hisabati. Alimwita mbele mvulana mmoja aandike mia tatu sabini na tano, naye akaandika 30075. Wenzake walicheka. Mwalimu hakumkemea. Alimwuliza, mteja akinunua jozi tatu za soksi kwa shilingi 1,500 kila jozi, akatoa noti ya 10,000, utamrudishia kiasi gani? Mtoto akajibu papo hapo, bila kalamu: 5,500. Mimi mwenyewe nilikuwa bado nahesabu. Mtoto huyo husaidia kwenye meza ya biashara ya mama yake kila jioni, na hesabu anayo kichwani. Kinachompungukia ni kuihamisha kutoka kichwani hadi kwenye daftari, na kwa kazi hiyo anahitaji mtu mzima akae naye nusu saa, siku baada ya siku. Mwalimu ana watoto wengi mno kuwa mtu huyo.

Nilimwuliza mwalimu kama mama wa mtoto anaijua habari hii. Alinijibu kwa upole, "Baba Paroko, mama yake sijawahi kumwona."

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Nimewasikia waamini wengi wakisema kwamba siku hizi elimu ni bure, kwa hiyo shule ni jukumu la serikali. Tuitazame historia yenyewe. Ada ya shule ya msingi ilifutwa wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM, na matunda yake yalionekana: mwaka 2000 watoto walioandikishwa kwa umri unaostahili walikuwa karibu asilimia 59, na kufikia mwaka 2006 walikuwa wamepita asilimia 90. Kisha ukaja Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ulioondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Watoto wa maskini waliingia darasani, nasi tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mwaka huo huo wa 2016 ulitolewa Waraka Na. 3, uliotaja wazi kwamba sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa vinabaki kwa mzazi, pamoja na wajibu wa kufuatilia maendeleo yake. Huo wa pili haukutangazwa sana mitaani. Sisi tulilishika neno moja tu, "bure", tukalielewa kana kwamba mzazi naye ameondolewa pamoja na ada.

Sisemi haya kwa kuwahukumu. Nayajua maisha ya mtaa huu. Mzazi wa Kariakoo anatoka nyumbani alfajiri, anawahudumia wateja waliotoka Zambia na Kongo, anafunga duka usiku; na tangu biashara ya saa 24 izinduliwe mapema mwaka 2025, wapo wasiofunga kabisa. Tena wengi hawaishi hapa. Nyumba zile za vyumba sita zilizokuwa zimejaa familia zimebomolewa, maghorofa ya biashara yamesimama mahali pake, na familia zimehamia Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara. Watoto wamebaki na shule za mjini. Wanapanda daladala gizani kwa nauli ya mwanafunzi ya shilingi 200, na kila mmoja wetu amewahi kuona kondakta akiwazuia mlangoni ili aingize kwanza watu wazima. Mtoto anafika shuleni amechelewa, na hakuna nyumbani anayejua kwamba alichelewa.

Basi mama anadhani mtoto yuko kwa mwalimu, mwalimu anadhani yuko kwa mama, na Paroko anadhani yuko katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza.

Sisi Wakatoliki tuna jambo jingine la kujipima nalo. Kabla ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule nyingi nchini zilikuwa za misioni. Mwalimu Nyerere mwenyewe alifundisha Pugu, katika Shule ya Mtakatifu Fransisko, hadi alipoacha kazi mwaka 1955. Baada ya shule hizo kutaifishwa, na hasa tangu milango ya shule binafsi ilipofunguliwa tena katika miaka ya 1990, tumejenga mazoea ya kuita "shule zetu" zile tu zenye jina la mtakatifu getini. Huko tunahudhuria vikao na kulipa kwa wakati, na matokeo yasipopendeza tunapiga simu. Ni vyema. Ila watoto wengi wanaojaza mabenchi yetu ya mbele katika Misa ya watoto hawasomi huko. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwakumbuka waziwazi wanafunzi walio katika shule zisizo za Kikatoliki, ukalitaka Kanisa liwe karibu nao kwa upendo wa pekee. Sijui ni mara ngapi tumelihubiri hilo. Ukitembea kidogo tu kutoka sokoni, katika wilaya hii hii ya Ilala, ipo Uhuru Mchanganyiko, shule ya msingi ambamo watoto wasioona wanasoma kwa nukta nundu pamoja na wenzao wanaoona. Ni jumuiya ngapi za parokia za hapa mjini zimewahi kukanyaga pale?

Nikumbushe pia tarehe 16 Novemba 2024, lile jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo asubuhi ya Jumamosi, wakafa watu zaidi ya 20. Jumatatu yake watoto walirudi mstarini, bendera ikapandishwa, vipindi vikaanza. Miongoni mwao walikuwamo waliokaa siku mbili hawajui kama ndugu zao wametoka chini ya kifusi. Katika mji huu habari za mtaa huingia darasani ndani ya kichwa cha mtoto, na mwalimu hawezi kumtuliza mtoto asiyejua amepatwa na nini.

Ninaziomba jumuiya ndogo ndogo zote jambo moja. Jumamosi hii, baada ya sala, kila jumuiya iandike majina ya watoto wa nyumba zake, shule wanazosoma na madarasa yao. Kisha ichague mtu mmoja, awe mstaafu, mama wa nyumbani au kijana aliyemaliza kidato cha nne, awe anafika katika shule hiyo walau mara moja kwa mwezi kwa niaba ya wazazi wasioweza, kwa idhini yao na ya Mwalimu Mkuu. Asome ubao wa matangazo. Juma hili kulikuwa na tangazo la chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na wazazi kadhaa walikuwa wamelisikia kwa njia ya uvumi tu.

Mkutano wa wazazi katika shule niliyoitaja mwanzoni utakuwa Jumatano ijayo. Ulipangwa saa nne asubuhi, saa ya wateja. Nimezungumza na Mwalimu Mkuu, naye amekubali uanze saa moja na nusu, kabla maduka mengi hayajafunguliwa, na waalimu wa madarasa watakuwapo. Njooni na daftari la hisabati la mtoto.

Nawatakia Dominika njema.