Milango Minane, Mapanga Manne

Wasee, leo sina mzaha. Kama ulikuja kucheka, ngoja ya Ijumaa.

Kuna video imezunguka sana wiki hii. Jamaa amepanga vitu kitandani kama mtu anayeuza mitumba: panga, nondo, rungu, dawa ya pilipili ya kupuliza. Anasema huo ndio mpango wake wa kulinda keja, na mwizi akiingia kwake atatoka amebebwa. Chini watu wamejaza moto na makofi. Simtaji kwa sababu simchukii. Mwaka jana hiyo video ningeitengeneza mimi, na pengine ingekuwa na mwanga mzuri kuliko yake.

Panga nilikuwa nalo. Nililinunua wiki ileile niliyohamia bedsita yangu hapa Zimmerman, baada ya kuacha chuo mwaka wa pili na kumwambia mamangu nimepata kazi ya mtandao. Floo ya tatu, milango minane, choo ndani, maji siku zikipenda. Panga nililiweka kati ya godoro na ukuta, upande wa mkono wa kulia. Nilifanya hata mazoezi, aki. Nazima taa, naruka kutoka kitandani, nalishika. Sekunde tatu. Nilijiona komando.

Sasa nikwambie siku lilipohitajika.

Ilikuwa saa sita kasoro usiku. Jirani wa namba 14 anafanya kazi hotelini huko tauni, shifti ya jioni. Tulikuwa tumepishana kwa ngazi mara mia. "Sasa." "Poa." Basi. Geti la chini mtu alikuwa ameliacha wazi. Taa ya ngazi ilikuwa imeungua tangu Pasaka. Wanaume watatu walisimama kwenye kona ya ngazi, gizani, wakingoja yeyote atakayefungua mlango wake. Akafungua yeye. Wakaingia naye.

Nilisikia kila kitu. Kuta zetu unazijua, ukipiga chafya jirani anakwambia pole. Nilimsikia akisema chukueni, chukueni tu. Nikasikia kofi. Nikamsikia akipiga nduru moja bila maneno, halafu akaita, "Jirani!" Jirani ni mimi. Panga lilikuwa tayari mkononi, sekunde tatu, kama mazoezini. Na nikasimama nyuma ya mlango wangu, miguu mitupu kwenye sakafu baridi, nimeshikilia pumzi ili wasijue kuna mtu ndani.

Walichukua simu, televisheni, mtungi wa gesi na pesa za kodi. Alipojaribu kung'ang'ania simu walimkata kiganja. Ilichukua kama dakika kumi na tano. Waliposhuka ngazi hawakukimbia hata. Walikuwa wanapiga stori.

Mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa mama wa namba 11, mkubwa kutushinda sisi wote, amejifunga leso, tochi ya simu mkononi. Ndipo sisi wengine tukaanza kutoka, mmoja mmoja, tukijifanya tumeamka sasa hivi. Wanne kati yetu tulikuwa tumeshika panga. Nilihesabu. Mapanga manne kwa floo moja, moja bado lina stika ya bei. Yule mama alituangalia tu, akarudi kumfunga dada wa watu kitambaa.

Nimefikiria sana kwa nini sikufungua. Uoga, ndiyo, sijifichi. Lakini kuna kitu kingine, na ndicho kinanifanya niandike. Mpango wangu wote ulikuwa na mtu mmoja ndani yake: mimi na mwizi, chumbani kwangu, kama filamu. Vita vilipokuwa mlango wa pili, sikuwa na mpango. Panga lilikuwa limenipa machaguo mawili pekee, kutoka nikapigane na watu watatu au kunyamaza. Nikanyamaza. Sikukumbuka kwamba nina sufuria. Ningepiga sufuria kwenye mlango wa chuma, nikiwa bado nimejifungia ndani salama salimini, wale jamaa wangejua floo iko macho. Milango minane ikipiga sufuria, ploti nzima inaamka, na ploti ya jirani pia. Mwizi anataka giza na kimya. Sisi tulimpa vyote viwili, na panga juu.

Utasema, je, wakiwa na bunduki? Swali zuri. Wakiwa na bunduki, panga lako ni la kukatia mboga. Kelele ukiwa ndani, umejitenga na mlango na dirisha, bado inawezekana. Simu pia. 999, 112, 911, zote ni za dharura hapa Kenya. Najua utakachosema kuhusu kupigia karao saa sita usiku, nami nimewahi kuikata baada ya kuita bila kujibiwa. Kwa hivyo nenda mchana kwa kituo kilicho karibu na mtaa wako, ulize namba ya pale mezani, uihifadhi. Ukipiga, usianze na "afisa nisaidie". Anza na mtaa, jina la ploti, kitu kilicho karibu kinachojulikana, floo. Sisi usiku ule watu wanane hakuna aliyepiga. Kila mmoja aliamini mwingine amepiga.

Sasa kuna wale watakaosoma hapa waseme: sawa, basi tujipange kama floo, tukimshika mmoja tumchome. Hapo mimi na wewe tunaachana njia panda.

Nikiwa darasa la saba nilimwona kijana akipigwa karibu na steji kwa sababu mtu alipaza sauti "mwizi". Hakuna aliyeuliza ameiba nini. Wenye mawe hawakuwa majambazi. Walikuwa watu wa kanisa, watu wa kuuza nyanya, makanga. Nakumbuka kiatu kimoja kilichobaki barabarani hadi jioni na hakuna aliyekigusa. Neno hilo likitoka mdomoni huwezi kulirudisha. Hata usiku wa namba 14, sitashangaa kama mmoja wetu aliogopa kupiga kelele kwa sababu alijua mwisho wake unaweza kuwa tairi.

Na sheria si rafiki ya yule jamaa wa video. Hapa si Marekani, ambako majimbo mengi yanampa mwenye nyumba nafasi kubwa ya kumfyatulia risasi aliyevunja mlango. Hapa kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema suala la nguvu uliyotumia kujilinda au kulinda mali yako litaamuliwa kwa kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza. Kwa lugha ya mtaa: nguvu yako iendane na hatari uliyokuwa nayo wakati huo. Mtu anakushambulia na kisu, una haki ya kujikinga, hata kwa nguvu. Mtu ameangusha televisheni anakimbia kwa ngazi, ukimfuata umkate mgongo, hapo kujilinda kumeisha na kesi yako imeanza. Halafu kuna ile video yako ukisema mwizi atatoka amebebwa. Buda, umemrahisishia kazi kiongozi wa mashtaka.

Lakini kitu kilichonitisha zaidi usiku ule nilikigundua wakati wa kutoka. Mlango wangu una grili ndani, na grili ina kufuli. Wakati mama wa namba 11 alikuwa ameshatoka, mimi nilikuwa bado natafuta ufunguo. Kwa meza hakuna. Kwa suruali hakuna. Ulikuwa ndani ya kiatu, usiniulize. Zaidi ya dakika moja, taa ikiwa imewaka. Dirisha langu nalo lina nondo zilizochomelewa ukutani. Sasa fikiria si wezi. Fikiria mtungi wa gesi wa jirani umewaka na ngazi imejaa moshi.

Nchi hii ilishalipa karo ya somo hilo. Machi 2001, shule ya Kyanguli, Machakos, bweni lilichomwa usiku na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka mitatu kabla, 1998, Bombolulu kule Kwale, wasichana 26 walikufa vilevile, vyuma na kufuli. Mwaka 2008 wizara ikatoa mwongozo wa usalama shuleni, unasema madirisha ya mabweni yasiwe na grili na milango ifunguke kwa nje. Sisi tuliolala kwenye mabweni hayo tumemaliza shule, tumekuja Nairobi, tumekodisha chumba chenye mlango mmoja na dirisha la vyuma, tukaongeza kufuli letu la pili. Na tunalala vizuri kabisa.

Sisemi ng'oa grili. Mwenye ploti hatakubali, na mimi pia sitaki kulala wazi. Nasema ufunguo uwe na msumari wake, karibu na mlango, mahali mkono wa mtu wa nje hauwezi kufika, na kila anayelala hapo aujue hata gizani. Hicho ndicho nilichofanyia mazoezi badala ya panga. Macho yamefungwa: ufunguo, kufuli, nje. Mara ya kwanza ilikuwa sekunde arobaini.

Mambo mengine nitayapitia haraka kwa sababu hayahitaji hotuba. Ukihamia nyumba, badilisha kufuli na komeo siku hiyohiyo, kwa sababu aliyekaa hapo kabla yako anaweza kuwa na ufunguo wake, na fundi wake, na beste yake. Wezi wengine hawaji usiku. Wanakuja saa nne asubuhi na pikapu, wanabeba kochi lako wakikusalimia majirani, "tunahama", na majirani wanawashikia mlango kwa sababu hakuna anayekujua wewe. Na tuache kuonyesha keja zetu mtandaoni. Hili najiambia mwenyewe kwanza. Nilifanya video ya "nyumba yangu ya kwanza", nikaonyesha laptopu, nikaonyesha mlango, nikaonyesha mwonekano wa nje dirishani, mpaka bango la duka la chini linasomeka. Niliifuta mwezi wa saba. Ilikuwa imeangaliwa na watu elfu kumi na moja.

Tukija kwa mwenye ploti. Taa ya ngazi ni balbu. Si mradi wa Benki ya Dunia. Keretaka aliambiwa Aprili, akasema ataambia mwenyewe. Mwenyewe anajua kutuma ujumbe tarehe moja saa kumi na mbili asubuhi kuhusu kodi, lakini balbu inamshinda. Geti halina kitu cha kulirudisha likiachwa, kwa hivyo usalama wa vyumba thelathini na mbili unategemea kama aliyeingia wa mwisho amelewa au la. Halafu akasikia tumeibiwa akasema tujipange kama Nyumba Kumi. Huo mpango umekuwepo tangu 2013, baada ya Westgate, na kwa ploti yetu sijawahi kuuona isipokuwa mtu akitaka kutulaumu. Mzee, tutajipanga. Wewe weka balbu.

Kujipanga tulijipanga, kidogo. Jumapili iliyofuata mama wa namba 11 alitugongea mlango mmoja mmoja, akatuita kwake chai. Watu wanane kwenye bedsita, wengine tumekaa kitandani kwake kama watoto. Alituuliza majina. Mimi nimekaa hapo miezi kumi na nne na nilijua jina la mtu mmoja, na ni kwa sababu M-Pesa yake iliwahi kunitokea nikinunua mandazi. Tukaandikishana namba. Tukakubaliana: ukisikia nduru, unapiga sufuria kwenye mlango wako ukiwa ndani, hufungui, hushuki, hukimbizi mtu. Wa vyumba vya mwisho wanapigia polisi, wote wawili, hata kama unadhani mwingine amepiga. Na yule anayerudi usiku anatuma ujumbe akiwa getini, mtu mmoja anafungua pazia na kuwasha taa. Mama akaniangalia mimi. "Wewe kijana yangu si hulali? Utakuwa unafungua pazia." Kweli silali. Nahariri video hadi saa nane.

Jirani wa namba 14 hakuja. Alikuwa ameenda kwao kupona mkono. Alirudi mwisho wa mwezi na pikapu, safari hii ya ukweli, nikamsaidia kushusha godoro na kabati. Nilitaka kumwambia nilimsikia. Tulipofika chini, kwenye ile kona, akaniambia, "Nilijua uko ndani. Taa yako ilikuwa inaonekana chini ya mlango." Hakuwa na hasira alipoyasema. Akachukua begi lake, akaingia mbele kwa dereva.

Panga bado ninalo, liko jikoni, nakatia miwa. Namba 14 ameingia kijana wa boda. Balbu bado.