Oicha: Tusitoe neno la siri kwenye mashine zenye majina ya watu

Leo sizungumzii bunduki. Nazungumzia ordinatere iliyo juu ya meza ya sebuleni.

Kuna mtindo umeingia. Mtu anapeleka mashine kwa fundi: "Nitolee hii kode, inanichosha." Fundi anaandika netplwiz, anaondoa alama moja, anapokea franka zake. Tangu siku hiyo mashine ikiwashwa inafunguka yenyewe mpaka ndani. Mwenyewe anafikiri neno la siri limefutwa. Halikufutwa! Limeachwa ndani ya mashine ili lijiandike lenyewe, kwa yeyote atakayebonyeza kitufe. Microsoft yenyewe, iliyotengeneza Windows, inaonya kwamba mashine ya namna hiyo akiishika mtu, ameshika vyote vilivyomo.

Mtanijibu: mashine yangu, nyumba yangu. Nyumba yako, hapa Oicha? Tangu mauaji yaanze kwenye territwari ya Beni mwezi wa 10 mwaka 2014, ni nyumba ngapi zimebaki na familia moja? Watu wa Eringeti, wa Mbau, wa barabara ya Kamango, wote wamepita kwetu. Risasi zikilia usiku tunabeba watoto na godoro. Ordinatere inabaki, au inaondoka na mtu tusiyemjua.

Na ndani yake mna nini? Hapa ndipo ninapokasirika. Kwetu wenye mashine ni waalimu, makarani wa kamati za wakimbizi, watu wa parokia, vijana wa sekretariati wanaochapa na kutoa fotokopi. Ndani mna liste: jina la baba wa familia, hesabu ya watoto, kijiji alikotoka, namba ya telefone, nyumba anakolala. Mna picha za kadi ya uchaguzi, ambayo kwetu Kongo ndiyo kitambulisho. Mna WhatsApp iliyoachwa wazi, na humo raia ametoa habari kwamba ameona watu wasiojulikana wakipita shambani. Mama aliyeandikisha jina lake alitafuta unga na mafuta. Hakuomba jina lake litembee porini.

Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Vizuri. Lakini aliyelala chini ya bashi hana nauli ya kwenda kushitaki, na liste ikishatoka hairudi.

Wengine wanasema umeme wa jua ni kidogo, kode inakula betri. Jamani, sekunde tano! Filamu za watoto mchana kutwa hazili betri? Hoja ya mama mzee anayesahau ninaikubali. Mwekeeni PIN ya tarakimu nne, inayofanya kazi kwenye mashine hiyo tu. Watoto nao wafungulieni konti yao pembeni, wasiguse kazi ya kamati.

Nasema pia ukweli wote: neno la siri peke yake halitoshi. Mwizi anayejua kazi atatoa diski, aisome kwenye mashine nyingine, kama haikufungwa kwa BitLocker au programu ya namna hiyo. Lakini anayeiba mbiombio usiku mara nyingi si fundi. Huyo kode inamsimamisha.

Mafundi wetu, mteja akija, muulizeni kwanza mna majina ya nani ndani. Na ninyi marais wa kamati, kabla ya ugawaji unaokuja, iteni mwenye mashine ya liste, aiwashe mbele yenu. Ikifunguka yenyewe, kode irudishwe siku hiyo hiyo, kabla hajaibeba kwenda nyumbani.