Mmea Usiojulikana Nyuma ya Jikoni: Tuache Kutafuta Mlozi, Tutafute Jina

Katika kijitabu namna hii tumezoea kusifu. Mmoja anasifu ngoma, mwingine anasifu mahari, mwingine heshima ya wakwe. Ni vema. Lakini leo tunaomba ruhusa ya kugombana kidogo. Tunagombana na desturi moja ambayo watu wanaiita ya mababu, na sisi tunasema si ya mababu hata kidogo: desturi ya kuona mmea mgeni ndani ya parseli na kuuliza "Nani aliupanda?" mbele ya kuuliza "Huu ni mmea gani?"

Tuanze na jambo lililotufika sisi wenyewe, hapa Kasongo. Mvua zilipoanza, nyuma ya jikoni, pale tunapomwaga maji ya vyombo, uliota mmea ambao hakuna mtu wa nyumba aliyeupanda. Hakuwa lengalenga, hakuwa matembele, hakuwa nyanya za kujiotea. Majani yalitoka mawili-mawili, moja likitazamana na lingine. Jani lilikuwa na pembe tatu, na mishipa mitatu mikubwa iliyoanzia karibu na kikonyo ikaenda mbele mfano wa uma. Ukilisugua mkononi lilitoa harufu kali kama ya rangi ya kupaka milango. Kufika mwezi wa tatu lilikuwa limekwisha kupita kichwa cha mtoto.

Ndipo maneno yakaanza. Jirani wa kwanza alisema: "Mwalimu, ile haikujiotea yenyewe. Kuna mtu aliizika usiku." Jirani wa pili akaongeza kwamba tangu mmea uote, mtoto wetu wa tatu anakohoa. Juma moja halikuisha, jina la mtu likapatikana: bibi mmoja mjane, ambaye kila asubuhi anakata njia kupitia parseli yetu akienda kuchota maji. Hakuna aliyemwona na mbegu mkononi. Alionekana akipita tu, na kupita kukawa kosa. Watoto wa kartye wakaacha kumwamkia.

Upande mwingine akatokea kijana mmoja aliyesema watu wote ni wajinga, maana mmea ule ni artemisia, dawa ya malaria, dawa ya korona, dawa ya kila kitu. Alichuma, akakausha, akaanza kuuza kwa vifurushi.

Na sisi je? Hapa ndipo haya inatushika. Sisi tuliosoma pedagojia, tuliochora mche wa haragi ubaoni miaka na miaka, mzizi, shina, jani, ua, tulinyamaza. Tulijua kusema "mmea una sehemu nne" na hatukujua kusema mmea wa nyuma ya jikoni yetu unaitwaje. Mlozi alipatikana kwa sababu mwalimu hakuwa na jibu. Tunaandika hivyo wazi ili wenzetu walimu wasidhani tunawasema wao tu.

Aliyetufungulia mlango ni bibi yule yule. Tulimfuata kwake, tukamwamkia, tukamwuliza: "Bibi, hii majani unaijua?" Akalishika jani, akalinusa, akasema: "Utotoni mwangu sikuiona. Niliiona kwanza kando ya barabara, pale magari yanapolala na pikipiki zinapopumzika. Inafuata njia. Lakini musiing'oe kwanza, muache ichanue, ua ndilo litasema." Tazameni sasa: mtu anayeshitakiwa kwa mmea ndiye peke yake aliyekuwa ameutazama.

Tuliacha shina moja tu, tukalichunga. Kiangazi kilipofika, mnamo mwezi wa sita, likachanua. Maua madogo-madogo, meupe yenye kuelekea rangi ya zambarau, yamefungana juu ya tawi kama mashada. Halafu yakageuka mbegu nyembamba nyeusi, kila moja na nywele zake nyeupe za kurukia. Hapo tuliweza kufungua vitabu, na jibu likawa moja: Chromolaena odorata. Asili yake ni Amerika. Uliingia Afrika katika karne ya 20, ukaenea toka magharibi, na leo uko katika majimbo mengi ya inchi yetu. Mbegu zake hubebwa na upepo, na hushika katika nguo, katika manyoya ya mbuzi, katika magunia, katika matope ya gurudumu. Hapana mtu wa kuuzika usiku. Kama tunatafuta mkosaji, basi ni barabara, na magunia yetu wenyewe tunayotua nyuma ya jikoni.

Inchi nyingine nazo ziliuona ukija, nazo zilitafuta mtu wa kumbebesha. Ghana waliuita Acheampong, jina la jenerali aliyetawala toka 1972 mpaka 1978. Afrika ya Kati na Kameruni waliuita Bokassa. Kila watu waliupa mmea ule jina la yule waliyemwogopa au waliyechoka naye. Wao angalau walichagua mkubwa wa serkali, mwenye askari wa kumlinda. Sisi tumemchagua mjane. Hiyo ndiyo inayotuuma.

Tunajua tutajibiwa nini. Wa kwanza atasema: "Ninyi watu wa masomo mnakataa imani ya wazee." Hatukatai wazee, tunakataa uvivu unaojificha nyuma ya wazee. Wazee wetu, Wazimba, Wazula, Wabangubangu, Wabuyu, Wakusu, Wagenya, hawakuishi msituni na kando ya Lualaba kwa kubahatisha. Walitazama utomvu ni mweupe au ni maji. Walinusa. Walitazama mmea umesimama katika udongo gani, na mnyama gani anaula na yupi anaukataa. Waliwauliza wanawake, maana mwanamke ndiye anayeinama shambani kila siku. Wakati wa vita, toka 1996 na miaka iliyofuata, watu wa kwetu walikimbilia porini bila unga na bila chumvi. Waliowalisha watoto wao kule ni wale waliojua jani gani linapikwa, jani gani linapikwa mara mbili na kumwagwa maji, na jani gani haliguswi. Elimu hiyo ndiyo desturi. Kumnyoshea bibi kidole ni kitu kingine, na tena sheria ya adhabu ya inchi yetu inakataza majaribio ya kishirikina. Mbaya zaidi, tukimfukuza bibi kwa jina la ulozi, tunafukuza kitabu pamoja naye. Kesho atokee mmea mwingine, tutamwuliza nani?

Wa pili atasema: "Kama mmea ni mgeni, basi ni adui tu." Pole-pole, ndugu. Tuingie shambani pamoja. Mihogo, na sombe yake unayokula kila siku, asili ni Amerika. Mahindi, Amerika. Karanga, pilipili, nyanya, viazi vitamu, tumbaku, mapapai, mananasi, yote ni Amerika. Maembe yalitoka Asia. Mchele tunaojivunia Maniema ulipata nguvu hapa kwa misafara ya waungwana toka pwani, wakati Kasongo ilipokuwa mji wa Tippu Tip. Jeshi la Dhanis lilipouteka mji huu Aprili 1893, alikuwapo daktari mmoja Mwingereza, Sidney Hinde; kitabu chake kilitoka 1897, na humo alisifu mashamba na bustani za Kasongo, miwa, machungwa, mapera, komamanga, mananasi. Misafara ile ilileta misiba mikubwa, watumwa na moto. Nyangwe hapo jirani, mwaka 1871, Livingstone aliona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni. Hatusahau. Lakini mwembe ulibaki, na leo watoto wanakaa kivulini mwake bila kuuliza pasporti yake. Wakubwa walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anapokelewa, anaulizwa jina, anatazamwa tabia. Baadaye ndipo tunajua kama atakaa.

Na tabia ya mgeni wetu huyu tumeiona. Hauvumilii kivuli kizito, lakini katika jua unafunga shamba, unasonga mimea mingine, na kiangazi unawaka moto vibaya. Ukiukata kwa panga unachipuka tena toka kwenye shina. Kwa upande mwingine, katika inchi nyingi watu wanasugua jani lake na kuliweka juu ya kidonda kidogo kuzuia damu, na wako wakulima wanaosema udongo uliopumzika chini yake unarudisha nguvu. Basi tumeupima, na tumeamua: hatuutaki karibu na nyumba. Tuling'oa na mizizi. Mwaka unaofuata tutang'oa mapema, mbele ya mwezi wa sita, mbegu zisiruke. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini tuling'oa kwa sababu tunaujua, si kwa sababu tunauogopa.

Wa tatu ni yule kijana wa vifurushi, na walio mfano wake ni wengi. Kwao kila jani chungu ni dawa ya mababu. Jani la artemisia ile inayosifiwa limekatika vipande vidogo-vidogo, karibu na jani la karoti. Jani lililouzwa kartye kwetu lilikuwa zima, pembe tatu, mishipa mitatu. Mtoto wa darasa la tano angeona tofauti kama angefundishwa kutazama. Na hata artemisia yenyewe ya kweli, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema haliungi mkono kutibu malaria kwa chai yake au majani yake. Anayelala na homa akinywa chai ya jani lisilojulikana anapoteza siku ambazo angefika kituo cha afya. Mwalimu mwenzetu wa Kabambare alitusimulia habari ya watoto waliokula mbegu nyeusi za ule mti wa uzio wenye utomvu, wakidhani ni karanga. Walitapika usiku mzima. Mti ule unasimama katika parseli nyingi, watu wanaupita kila siku, na hakuna aliyewaambia watoto. Walozi wanatafutwa kila kona, na sumu ya kweli imezunguka uwanja kama uzio.

Wa nne atasema: "Siku hizi kuna telefone, piga picha, itakuambia." Ni kweli, inasaidia, pale mtandao unapopatikana. Lakini telefone inakisia; mara nyingine inakupa majina matatu na kukuacha uchague. Tena haijui kwamba jani hilo Kibangubangu wanaliita hivi na Kizimba wanaliita vile. Jina la kisayansi linatuunganisha na dunia, jina la nyumbani linatuunganisha na bibi. Tunataka yote mawili.

Basi tunapendekeza nini? Tunapendekeza kazi ndogo isiyohitaji mfadhili. Kila shule ya sekondari ya Kasongo na Kabambare ifungue daftari moja la mimea. Mmea mgeni ukitokea, wanafunzi waulize maswali haya:

1. Umeota wapi: kivulini, juani, penye maji, kando ya njia?
2. Majani yanatoka moja-moja au mawili-mawili? Yana umbo gani, mishipa mingapi?
3. Ukikata shina, unatoka utomvu? Ukisugua jani, harufu gani? Kunusa tu, kuonja hapana, na mikono inawe.
4. Ua na mbegu vikoje, na vilitoka mwezi gani?
5. Wazee wawili au watatu, na mama mmoja wa shamba angalau, wanasemaje, na kwa lugha gani?

Halafu tawi lenye ua likaushwe katikati ya magazeti, liandikwe tarehe na mahali. Hiyo ndiyo kazi iliyofanyika Yangambi, kule Tshopo, tangu INEAC ilipoanzishwa 1933. Leo INERA inatunza huko sampuli za mimea zaidi ya 100,000, zilizokaushwa kwa karatasi na kuandikwa kwa mkono. Nyingine nyingi za inchi yetu ziko Meise, Ubelgiji. Si haki majani ya Maniema yawe na kabati Ulaya na yasiwe na daftari Kasongo.

Na jambo la mwisho, ambalo halihitaji hata daftari. Mpaka mmea ujulikane, jina la mtu lisitajwe. Shefu wa kartye akiletewa shitaka la namna hiyo aulize kwanza: "Mmeutazama? Unaitwaje?" Asiyeweza kujibu arudi nyumbani akatazame.

Bibi wetu bado anapita asubuhi na ndoo yake. Tulikusanya watoto wa avenyu yetu tukawaonyesha mbegu zenye nywele, tukazipuliza mbele yao juu ya karatasi waone namna zinavyoruka, na tukawaambia nani alitufundisha kungoja ua. Wengine wameanza kumwamkia tena. Wazazi wao, si wote. Kwa hiyo tumeandika.