MTOTO WA MIAKA MITATU SI MUONGO (Sehemu ya 4)

Mama zangu wa Ujiji, Kibirizi na Mwanga, leo mtanichukia kidogo. Haya, nichukieni, ila someni mpaka mwisho.

Mtoto kamwaga mawese. Mdomo mwekundu, mikono myekundu, nguo nyekundu. Unauliza, "Nani kamwaga?" Anajibu, "Sio mimi." Unashika fimbo: huyu muongo, asiponyooshwa sasa atakuwa mwizi!

Hebu mtazame tena. Muongo anayejua kazi yake angejifuta mdomo kwanza. Huyu anaogopa tu. Hajaelewa vizuri kwamba kichwani mwako mna mambo yako na mwake mna yake.

Jaribuni nyumbani. Baba afunike ndizi kwa bakuli, kisha aende zake mwaloni. Mbele ya mtoto, itoe uitie kwenye ndoo. Muulize: "Baba akirudi, ataanza kuitafuta wapi?" Wa miaka 3 wengi watasema kwenye ndoo. Wanaona wanalolijua wao kila mtu analijua. Wa miaka 5 wengi watakucheka: "Kwenye bakuli! Baba hajui!"

Na msiniambie hayo mambo ya Wazungu. Mwaka 1991 Jeremy Avis na Paul Harris walichapisha jaribio kama hili kwa watoto wa Wabaka, msituni Kameruni, wakitumia kokwa za embe mwitu. Wengi wa miaka kama 5 walipatia.

Sasa fimbo inafundisha nini? Mwaka 2011 Victoria Talwar na Kang Lee walilinganisha shule mbili za Afrika Magharibi, moja ya viboko, nyingine haichapi. Watoto wa miaka 3 na 4 wa shule ya viboko walidanganya zaidi, na waliuficha uongo wao vizuri zaidi. Mnachapa uongo, mnavuna waongo hodari!

Fanyeni hivi. Usimuulize jambo unalolijua. Sema, "Naona mawese yamemwagika. Lete kitambaa tufute." Na ongeeni nao mambo ya kichwani: "Nilidhani dagaa wamekauka, kumbe bado wabichi." "Bibi hajui kama tumefika, tumwite." Kiswahili kimetupa "kudhani" na "kumbe" bure kabisa, havihitaji hela wala kitabu. Mtoto anayesikia maneno hayo kila siku anawahi kuelewa wenzake.

Fimbo chini, mama. Sehemu ya 5: wa miaka 6 anayedanganya kwa akili, naye tumfanyeje?