Saratani ya Kibofu: Kipimo Kipya na Mkojo Wenye Kichocho

Mwezi wa Oktoba 2024 Tuzo ya Nobel ya fiziolojia na tiba walipewa Wamarekani wawili, Victor Ambros na Gary Ruvkun, kwa ugunduzi waliokuwa wameutangaza mwaka 1993. Wakimchunguza mnyoo wa udongoni asiyezidi urefu wa milimita moja hivi, waligundua kipande kifupi mno cha RNA, chenye viungo 22 tu au karibu na hapo, ambacho hakibebi maagizo ya kutengeneza protini yoyote. Kazi yake ni kuzuia. Hujibandika juu ya RNA ndefu inayopeleka maagizo kutoka katika kiini cha seli, na protini iliyokusudiwa haitengenezwi, au hutengenezwa kwa uchache. Kwa miaka saba wataalamu wengi walilidhania jambo hilo kuwa ni kioja cha mnyoo peke yake. Mwaka 2000 ikabainika kwamba vipande vya jinsi hiyo vimo katika wanyama wa aina nyingi, binadamu akiwemo. Leo huitwa maikro-RNA, na katika mwili wa binadamu zimekwisha kutambuliwa mamia kadhaa.

Haikuchukua muda mrefu kabla ya vipande hivyo kuhusishwa na saratani. Seli ya saratani ni seli iliyoacha kutii amri, na si ajabu kwamba watoa amri wenyewe wameharibika: baadhi ya maikro-RNA huzidi ndani yake, nyingine hupungua. Lililowashangaza watafiti zaidi ni kwamba maikro-RNA huonekana pia nje ya seli, katika damu na katika mkojo, na kwamba hazivunjiki upesi kama RNA ndefu, kwa kuwa hufungwa ndani ya vijifuko vya mafuta au hushikamana na protini. Kwa ugonjwa wa saratani ya kibofu habari hii ilikuwa njema mno. Mkojo hukaa kibofuni kwa saa kadhaa ukiugusa uvimbe wenyewe. Chochote kinachodondoka kutoka katika uvimbe huo kitaonekana ndani ya chupa.

Tamaa hiyo ina sababu. Njia ya kuaminika ya kuiona saratani ya kibofu ni kupenyeza kifaa chembamba chenye taa na lenzi katika njia ya mkojo hadi kibofuni. Mgonjwa huumia, kifaa ni ghali, na wanaojua kukitumia ni wachache. Njia nyepesi zaidi, ya kutafuta seli za saratani ndani ya mkojo kwa hadubini, hushindwa mara nyingi kuona uvimbe mdogo ulio katika hatua zake za upole.

Mwaka 2010 watafiti wa Lübeck, Ujerumani, walitangaza kwamba uwiano wa maikro-RNA mbili katika mkojo, ile inayoitwa miR-126 na ile ya miR-152, uliwatambua wagonjwa 72 katika kila 100 wenye saratani ya kibofu, na ukawaachilia kwa haki watu 82 katika kila 100 wasio nayo. Tangu hapo orodha zimefuatana: miR-21, miR-145, ukoo wa miR-200, na nyingine nyingi. Orodha hizo hazikubaliani vema, na huo peke yake ungetosha kumtia mtu shaka. Lakini hesabu ya Lübeck yafaa kufanywa hadi mwisho, maana wanaosifu vipimo vipya hupenda kuiachia njiani. Chukua mfano wa kubuni wa watu 1,000 wanaokojoa damu, na miongoni mwao 10 tu wawe na saratani. Kipimo cha namna hiyo kitawaona 7, kitawakosa 3, na kitawashtua bure watu wapatao 178. Hao wote watahitaji kuchunguzwa kwa kile kifaa chenye taa ambacho kipimo kilikusudiwa kukipunguzia kazi. Kwa daktari wa wilayani asiyekuwa nacho, jibu la kipimo ni barua ya rufaa. Na rufaa kwa mkulima ni nauli, malazi na palizi iliyoachwa shambani.

Hata hivyo takwimu si kiini cha tatizo. Takwimu zaweza kuboreshwa. Tatizo kubwa ni kwamba saratani iliyopimwa Lübeck, na katika miji mingi ya Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki, siyo ile hasa inayowaua watu wa nchi za kichocho. Kule saratani ya kibofu huanza aghalabu katika seli za kawaida za utando wa kibofu, chanzo chake kikuu ni moshi wa tumbaku, na wanaume huugua mara tatu au nne zaidi ya wanawake. Mwanza hali ni nyingine. Mapitio ya kumbukumbu za miaka kumi, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalihusu wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu kutoka Kaskazini Magharibi ya Tanzania. Asilimia 55 walikuwa na saratani ya seli bapa, na katika nyama za asilimia 45 yalionekana mayai ya kichocho. Wanawake walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Wastani wa umri ulikuwa miaka 54.

Ugonjwa huu una historia ndefu. Mnyoo wa kichocho cha kibofu aligunduliwa Cairo na Theodor Bilharz mwaka 1851; uhusiano wake na saratani ulielezwa na Ferguson huko huko Misri mwaka 1911; na mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimtia mnyoo huyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Mayai yake yenye mwiba hunasa katika ukuta wa kibofu. Utando huvimba na kukwaruzika miaka na miaka, kovu huota juu ya kovu, na seli laini za utando hugeuka kuwa seli bapa, mfano wa zile za ngozi. Kutoka hapo safari ya kuelekea saratani si ndefu. Misri yenyewe, baada ya kukipiga vita kichocho, imeona sehemu ya saratani ya seli bapa ikishuka kutoka takriban robo tatu ya saratani zote za kibofu hadi chini ya theluthi moja, katika muda wa kizazi kimoja. Nchi ile ile, mto ule ule, lakini saratani iliyobadilika sura. Kipimo kilichotengenezwa kwa sura moja hakiwezi kudhaniwa kwamba kitaitambua nyingine.

Kuna jambo jingine, dogo machoni pa asiyeshughulika na maabara. Mkojo wa mwenye kichocho una damu. Chembe nyekundu za damu zimejaa maikro-RNA zake, hasa miR-451 na miR-16, na hiyo ya pili watafiti wengi wameitumia kama kipimio cha kulinganishia nyingine. Damu ikiingia chupani, kipimio chenyewe kimepotoka. Tena mnyoo naye ana maikro-RNA zake. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba zile za kichocho cha matumbo huonekana katika damu ya walioambukizwa. Basi utafiti unaomlinganisha mgonjwa wa saratani na mtu mwenye afya tele hausemi lolote la maana kwa Shinyanga au Pemba. Mlinganisho wa haki ni kati ya mwenye kichocho na saratani, na mwenye kichocho asiye na saratani. Huyo wa pili ndiye anayekosekana katika karibu kila orodha.

Kwa hiyo si busara hospitali za nchi hii kununua vipimo hivi kwa sababu tu vimepata sifa ng'ambo, na si busara pia kuvipa kisogo. Mashine za kuzidisha chembe za urithi, ambazo zamani zilikuwa anasa ya vyuo vikuu vichache, leo zimo katika hospitali nyingi kwa ajili ya kifua kikuu na kupima wingi wa virusi vya UKIMWI. Wagonjwa wapo, na hapana nchi ya Ulaya inayoweza kuwapata. Kanda ya Ziwa ina madimbwi na majaruba ya mpunga yenye konokono wa kichocho cha kibofu. Unguja na Pemba, ambako ugawaji wa prazikwanteli umeshusha sana maambukizo, kuna wazee walioogelea mitoni utotoni kabla ya kampeni hizo. Kinachotakiwa ni friza, daftari lililoandikwa vizuri, na fedha za kuwafuatilia watu hao hao kwa miaka kumi. Fedha za namna hiyo ni ngumu kuombwa, kwa sababu mwaka wa kwanza hazitoi makala yoyote.

Wakati huo huo, kijiti cha kupimia mkojo, ambacho bei yake ni ndogo sana, huonyesha damu isiyoonekana kwa macho. Mahali pengi mtoto anayekojoa damu huhesabiwa kuwa anakua tu, na mtu mzima hufika hospitalini wakati kibofu hakina tiba ila kukatwa. Kipimo chochote cha maikro-RNA kitakachofuata kitabidi kianzie kwa mtu aliyekwisha kuonekana na kijiti hicho.

Na watakaoanza kukusanya mikojo hiyo waamue mapema juu ya saa. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndiyo maana walimu hupewa chupa za wanafunzi saa hizo. Maabara nyingi za ng'ambo hukusanya mkojo wa asubuhi. Chupa za saa mbili tofauti zikichanganywa katika friza moja, hakuna mashine itakayoweza kuzitenganisha baadaye.