Imeli ya kazi si imeli ya nyumba

Mu Kolwezi, Likasi, Fungurume, tunajua nyumba nyingi za wafanyakazi wa migodi zenye adresi moja tu ya imeli, na adresi ile ni ya baba, yenye kampuni ilimupatia ku kazi. Mulemule njo munaingia fishi ya mushahara, barua ya lopitali, matokeo ya vizite medikale, na siku hizi hata ujumbe wa masomo ya batoto. Siye tunaona hii desturi ni ya hatari, na inafaa iishe.

Adresi ya kazi ni mali ya mwenye kazi. Siku kontra inakwisha, inafungwa, mara nyingi siku ileile yenye badje inakataa ku mulango. Kuanzia pale hakuna kufungua tena hata barua moja. Na siku ile njo makaratasi yanahitajika kuliko zote: kuhakikisha dekonti finali, kupeleka dosie ku CNSS, kuonyesha inspekteri wa kazi kama masaa ya ziada yalifanyika kweli. Kama baba amekufa, ni mama mjane anapashwa kuonyesha yote, yeye ambaye hakupata kuona ndani ya ile imeli hata siku moja.

Wazee wetu wa Gécamines hawakuwa na imeli, lakini walikuwa na valizi ya bati chini ya kitanda. Wakati wa «départs volontaires», kuanzia 2003, zaidi ya wafanyakazi 10.000 walitoka, na wengi wao waliendelea kudai haki zao miaka na miaka. Mwenye valizi alikuwa na kitu cha kuweka ku meza. Siye batoto wao tunapokea makaratasi mengi kuliko wao, na tunayaweka fasi isiyo yetu.

Basi kila nyumba itengeneze adresi yake yenyewe, ya bure, pamoja na kalenda moja yenye bwana, bibi na batoto wakubwa wanaweza kuona. Ya kampuni gani? Hapo watu wanabishana mingi kuliko inavyofaa. Gmail inatoa giga 15, na telefone ya Android, yenye wengi wetu tunatumia, mara nyingi inakuja tayari na imeli na kalenda yake ndani. Outlook nayo inatoa giga 15 za barua. Proton, iliyozaliwa Genève mwaka 2014 kati ya wanasayansi wa CERN, haina matangazo na inafunga barua hata wenyewe hawawezi kuzisoma. Ila fasi yake ya bure ni ndogo, na ukisahau kode ya siri bila kutayarisha njia ya kuirudisha, barua za zamani hazifunguki tena. Kwa nyumba yenye watu wawili ao watatu wanashika ufunguo mmoja, hiyo inatutia woga. Siye tunachagua Gmail, bila kuipenda sana. Bure yake tunailipa na matangazo, na kwa kuachia watu wa mbali wajue mambo yetu mingi. Mwenye kuchukia hilo aende Proton, ana haki.

Jambo moja paka la kuangalia: zile giga 15 ni za barua na za mafoto pamoja. Video mbili tatu za ndoa zikipanda kila juma, siku moja itajaa, na barua hazitaingia tena. Ku adresi ya nyumba, tuzime ile kazi ya kupandisha mafoto. Na tuifungue mara kwa mara, kwa sababu Google inaweza kufuta adresi yenye haikuguswa miaka 2.

Kalenda njo fasi yenye tutapata faida ya haraka. Tuchukue mutu anayetumika siku 4 muchana, siku 4 usiku, kisha siku 4 za kupumzika. Unaandika mara moja «usiku» kwa siku 4, unaiambia ijirudie kila siku 12, na mwaka wote umepangika. Mama anajua siku gani batoto wanyamaze asubuhi juu baba amelala, mukutano gani wa bazazi ku masomo baba anaweza kwenda mwenyewe, na kama siku ya ndoa ya ndugu inaangukia ku zamu. Kushirikisha kalenda kunafanyika muzuri zaidi ku ordinateri, hata ya sibere. Kisha inabaki mu telefone ya kila mutu na inasomeka hata wakati mega zimekwisha. Tuweke mo pia siku ya minervali, zamu ya likelemba, na dawa za mutoto. Na ndugu zetu kreseri wasifikiri haya ni ya watu wa mushahara peke yao: karte ya kreseri inafanya mwaka mmoja tu. Ikumbushwe mwezi mmoja mbele, itapunguza mafuko mingi ku barabara.

Tunajua kizuizi kikubwa si mashini. Ni bwana mwenye kusema: «Bibi akiona fishi, ataona na prime. Mie nitabakia na nini?» Tunasikiaka maneno haya ku kila fasi yenye wanaume wanakaa na chupa, na tunacheka nao. Hatuko hapa kwa kuamua nani anashika mufuko mu nyumba ya watu. Kila mutu abaki na adresi yake ya siri kwa mambo yake, bibi vilevile. Lakini makaratasi yenye yatalisha batoto siku baba hatarudi kutoka mu shimo, yanapashwa kuwa fasi yenye watu wakubwa wawili wanaweza kufungua. Wakubwa wawili, tunasema. Kuachia mutoto wa kwanza kode peke yake, juu njo anajua mashini, ni shida ingine: akienda kusoma Lubumbashi na telefone yake ikapotea, nyumba nzima imefungiwa inje.

Namba ya telefone nayo tuitazame. Namba yenye haitumiki muda murefu inaweza kupewa mutu mwingine, na yeye njo atapokea kode ya kufungulia. Tuandikishe namba ya bwana na ya bibi, zote mbili. Google inatoa pia kode 10 za akiba, kila moja inatumika mara moja tu. Tuzinakili ku karatasi na tuzihifadhi fasi moja na cheti cha ndoa.

Kwa mwenye fishi zake ziko bado mu imeli ya kampuni, azitoe sasa, wakati kontra ingali nzima. Atume paka karatasi zake mwenyewe: fishi, kontra, barua za lopitali. Plani za mugodi, rapori na hesabu za minere zibaki kwa wenyewe, juu kuzituma inje kunaweza kumukosesha kazi. Kama haelewi karatasi gani ni yake, aulize delege wa sindika mbele ya kutuma.